Shemasi, mpira wa maji na Mithali 13:24

MUULIZE SHANGAZI

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu, tena kwa kupita, kwamba siku hizi mzazi wa Kenya hana ruhusa ya kisheria ya kumchapa mwanawe. Sentensi moja! Simu ya mhariri haikupoa. Kuna aliyeniita wakala wa Shetani, na kuna aliyetaka nimtajie kifungu chenyewe akamwonyeshe mumewe. Nimechagua barua tatu. Ya kwanza ni ndefu na jibu lake litakuwa refu zaidi, kwa hiyo mwenye chai na ajimiminie kwanza.

*Bwana asifiwe Shangazi. Mimi ni shemasi katika kanisa letu huku Kitale. Mwezi wa pili kijana wangu wa miaka kumi na miwili alitoroka shule siku tatu, akawa anashinda kwenye kibanda cha video akitazama mpira. Nilipojua nilimchapa kwa kipande cha mpira wa maji, viboko kama kumi hivi, mgongoni na miguuni. Jirani akapiga simu. Kesho yake nikaitwa kwa chifu, kutoka hapo kwa afisa wa watoto, nikatia sahihi karatasi kwamba sitarudia. Afisa mwenyewe ni mama mdogo kwangu kwa umri, ananihubiria mbele ya mke wangu. Jumapili mchungaji akafungua Mithali 13:24, ile ya asiyetumia fimbo yake humchukia mwanawe, akasema hii ni sheria ya wazungu na imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu. Kanisa zima likanipigia makofi. Lakini Shangazi, tangu siku ile kijana hanisemeshi. Nikiingia sebuleni, yeye anatoka. Mimi nilichapwa na marehemu baba, tena kwa mnyororo wa baiskeli, na leo ni mtu mzima ninayemcha Mungu. Nikiweka fimbo chini, sitakuwa nimemtii Kaisari na kumwasi Mungu? — Baba wa Wanne, Kitale*

Amina, Baba wa Wanne. Nianze na hiyo karatasi, maana naijua kuliko ninavyoijua Mithali. Nilikuwa afisa wa watoto miaka ishirini na sita, Taita, Kilifi, kisha Nakuru, kabla ya kustaafu na kurudi Wundanyi kulima kabichi na kusoma masomo ya Jumapili kanisani kwetu Anglikana. Karatasi kama yako nimeandikisha nyingi. Si hukumu, na hukuandikwa mhalifu popote. Ni ahadi, imewekwa kwenye faili. Ukirudia, au kama siku ile kijana angechanika, ungeona njia nyingine: kituo cha polisi, kitabu cha OB wanamoandika matukio, daktari na fomu ya P3 ya kuonyesha majeraha, halafu kizimbani. Yule mama mdogo kwako kwa umri alikupitisha njia fupi. Kwa viboko kumi vya mpira wa maji, sijui kama mimi ningekupitisha huko.

Na nikiri upande wetu pia, nisije nikaonekana natetea ofisi. Nimewahi kufanya kazi na mtu aliyegeuza barua za wito kuwa duka. Baba anaitwa, anatishwa na jela, anatoa elfu mbili, faili inapotea, na mtoto anarudi nyumbani kulekule na alama zilezile. Watu wakiona hivyo, wakasikia na mahubiri kwamba sheria hii ni mtego, unategemea wasemeje?

Lakini hilo la sheria ya wazungu, mwambie mchungaji wako alitazame tena. Katiba tuliipigia kura wenyewe mwaka 2010. Kifungu cha 29 kinasema kila mtu ana haki ya kutofanyiwa ukatili wa aina yoyote, uwe umetoka kwa serikali au kwa mtu binafsi, na haki ya kutoadhibiwa kwa viboko. Kila mtu. Kifungu cha 53 kikamtaja mtoto waziwazi. Kabla ya hapo, Sheria ya Watoto ya 2001 ilikuwa na kijimlango katika kifungu cha 127: hakuna kitu humo kitakachogusa haki ya mzazi ya kutoa adhabu ya kiasi. Kijimlango hicho kilinitoa jasho ofisini. Kila baba aliyeketi mbele yangu alikuja na kipimo chake cha kiasi. Mmoja, muuza makaa, mtu mpole wa sauti, aliniambia kiasi ni mpaka mtoto anyamaze. Sheria ya Watoto ya 2022 ilipoifuta ile ya 2001, kijimlango kikaenda nayo.

Sasa unajua maneno hayo, adhabu ya kiasi, yalitoka wapi? Uingereza. Mwaka 1860, mji wa Eastbourne, mwalimu mmoja, Thomas Hopley, alimchapa mwanafunzi wake usiku, Reginald Cancellor, kwa fimbo na kamba ya kurukia, mpaka mtoto akafa. Alikuwa ameomba ruhusa ya baba yake kwa barua, na baba akaitoa. Jaji Mkuu Cockburn ndiye aliyesema katika kesi ile kwamba mzazi au mwalimu anaweza kumrudi mtoto kwa adhabu ya mwili ikiwa ni ya kiasi, na ikizidi, au ikitolewa kwa hasira, ni kosa. Hopley akafungwa miaka minne. Maneno ya Cockburn yakapanda meli pamoja na sheria nyingine za Kiingereza, yakatufikia sisi. Kwa hiyo kama tunatafuta cha mzungu katika habari hii, Baba wa Wanne, ni ile ruhusa. Hata kiboko chenyewe, ngozi ya yule mnyama wa mtoni, wazee wetu wa upande wa Taveta walikitaja pamoja na hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano vya Mjerumani. Sisemi babu zetu hawakuchapa. Walichapa. Lakini babu yangu wa Kitaita alipotaka kumtia adabu kijana alimpeleka kwa mjomba wake akakae huko, akachunge mbuzi za watu wengine, na maneno yakamfikia polepole.

Wala ninyi wa Kitale si wa kwanza kupeleka Mithali mbele ya sheria. Sweden ilikataza kuchapa watoto mwaka 1979, ya kwanza duniani, na wazazi wa kanisa moja la kiinjili la Stockholm wakaenda hadi Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya kusema imani yao imeingiliwa. Mwaka 1982 tume ikakataa shauri lao. New Zealand walibadilisha sheria mwaka 2007, makundi ya Kikristo yakakusanya sahihi hadi ikapigwa kura ya maoni mwaka 2009, na zaidi ya asilimia 87 ya waliopiga kura wakasema mzazi anayempiga mwanawe kofi la kumrudi asiwe mhalifu. Serikali haikuifuta sheria. Ila sheria yenyewe ilikuwa imekwisha kusema polisi wanaweza kuacha kumshtaki mzazi kwa jambo dogo lisilo na uzito, na hapo mimi naona walifanya busara. Sipendi kumwona mama wa kofi moja kizimbani. Nimeona watoto waliowekwa mahabusu ya watoto kwa sababu ya kofi moja, na mahabusu ile iliwafunza mambo ambayo kofi halingewafunza maishani.

Kesi iliyo karibu nasi ni ya Afrika Kusini. Mwaka 2000 shule binafsi za Kikristo 196 zilitaka ziruhusiwe kuchapa ijapokuwa sheria imekataza, zikanukuu Mithali 23. Jaji Albie Sachs aliandika kwa heshima sana. Alisema dola isimsukume muumini achague kati ya imani yake na sheria pale inapoweza kuepukwa, lakini muumini naye hana msamaha wa moja kwa moja katika sheria za nchi. Shule zikashindwa. Kisha baba mmoja wa Johannesburg, Mwislamu, alimpiga kijana wake wa miaka 13 kwa sababu ya picha chafu kwenye aipadi, akajitetea kwa adhabu ya kiasi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ikasema utetezi huo unapingana na katiba. Waliobeba rufaa hadi Mahakama ya Katiba walikuwa Wakristo, shirika la Freedom of Religion South Africa. Tarehe 18 Septemba 2019 majaji wote kwa kauli moja wakaukataa. Na aliyeandika hukumu ile ni Jaji Mkuu wa wakati ule, Mogoeng Mogoeng, mlokole, mtu anayehubiri na asiyeona haya kuomba hadharani. Angesoma Mithali 13:24 kwa machozi kama mchungaji wako. Aliiandika hukumu hata hivyo. Na Zambia, ambayo katiba yake yenyewe inajitangaza taifa la Kikristo, imeondoa fimbo ya mzazi katika sheria yake ya watoto ya 2022.

Nije kwenye Neno, maana najua hapo ndipo unapongoja.

Sitakudanganya kwamba Mithali haisemi kupiga. Inasema, sura ya 23:13: "Usimnyime mtoto wako mapigo, maana ukimpiga kwa fimbo hatakufa." Kuna wahubiri wanaojaribu kuiyeyusha, wanasema fimbo ni mfano tu, ni ile ya mchungaji wa kondoo. Kuna ukweli ndani yake: neno la Kiebrania lililotafsiriwa fimbo katika 13:24 ndilo lile lililotafsiriwa gongo katika Zaburi 23, "gongo lako na fimbo yako vyanifariji", na ndilo fimbo ya enzi ya Yuda katika Mwanzo 49. Lakini 23:13 haiyeyuki. Mimi nauliza swali jingine: je, kila shauri la Mithali kanisa lako linalitii kama amri? Mithali 31:6 inasema mpeni kileo aliye karibu na kupotea, na divai aliye na uchungu nafsini. Sijawahi kumwona shemasi wa Trans Nzoia akigawa chang'aa matangani akitaja mstari huo. Na Kumbukumbu la Torati 21 inasema mwana mkaidi apigwe mawe na watu wa mji wake mpaka afe. Kijana wako wa kibanda cha video mnamwitia watu wa mji? Hapana. Kumbe kila Jumapili mnapima lipi ni sheria ya wakati ule na lipi ni la milele. Mnapima vizuri kabisa mpaka mnapofika kwenye fimbo, hapo mizani inawekwa kando.

Na yule anayetajwa kuwa mwenye Mithali hizo, Sulemani, mwanawe wa kurithi kiti alikuwa nani? Rehoboamu. Watu walimjia wakiomba awapunguzie mzigo, akawajibu: baba yangu aliwapiga kwa mijeledi, mimi nitawapiga kwa nge. Kabila kumi zikaondoka siku hiyo. Simlaumu Sulemani kwa kila kosa la mwanawe, lakini mstari huo haunitoki kichwani.

Halafu Matendo 5:29. Tafadhali Baba wa Wanne, fungua Biblia usome hadi mstari wa 40. Petro na wenzake waliposema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu, walikuwa mbele ya baraza, na baraza likawaita likawapiga. Waliosema maneno yale ndio waliochapwa! Mchungaji wako ameutoa mstari huo mdomoni mwa aliyepigwa akautia mkononi mwa anayepiga. Sheria inapomzuia mtu kuhubiri Kristo, hapo tutakutana mimi na wewe barabarani. Lakini Mungu hajawahi kuamuru kwamba mtoto asiyechapwa na mpira wa maji haingii mbinguni. Paulo, aliyechapwa mara nyingi kuliko mimi na wewe, alipofika kwa akina baba aliandika maneno machache tu, tena mara mbili: "msiwachokoze watoto wenu". Kwa Wakolosai akaongeza sababu: "wasije wakakata tamaa". Mimi nikisoma hapo namwona kijana anayetoka sebuleni baba akiingia.

Unasema ulichapwa kwa mnyororo wa baiskeli na umekuwa mtu mzima. Pole, kwanza. Sijui kama kuna mtu aliwahi kukupa pole kwa mnyororo ule, na sidhani baba yako alikuwa mtu mbaya. Lakini mimi nilichapa pia, nikuambie.

Mwaka 1991, nyumba ya serikali hapahapa Wundanyi, binti yangu wa kwanza alikuwa na miaka saba. Nilimtuma mafuta ya taa na noti ya shilingi ishirini. Akarudi na chupa tupu, noti imepotea. Mwezi ulikuwa umefika tarehe ishirini na sita, na wanaolipwa mshahara wa serikali wanajua tarehe hiyo. Nilikuwa nasonga sima. Nikamchapa na mwiko uleule, una sima moto ubavuni, mpaka ukavunjika kwenye shingo. Hakulia. Aliokota kipande cha juu, akakifuta kwa gauni, akakirudisha kwenye kikapu cha miiko kana kwamba bado kina kazi. Mimi, afisa wa watoto, niliyekuwa asubuhi ile nimemkemea baba wa watu ofisini.

Sikumchapa tena kwa muda mrefu, lakini somo alikuwa amelipata, na halikuwa langu. Miezi mitatu baadaye alipoteza kiatu. Safari hii hakusema kimepotea. Alisema kimeibwa, akamtaja mwenzake wa darasani, mtoto wa mama mjane. Alitoa maelezo safi kabisa, rangi, saa, mahali. Nikaenda shuleni nimefura, na yule mtoto akachapwa mbele ya darasa kwa neno langu. Kiatu tulikipata kwenye mfereji nyuma ya kanisa wiki iliyofuata. Nilimwendea yule mjane kuomba radhi. Akaniandalia chai, akanisamehe kwa upole ulioniumiza kuliko matusi. Binti yangu sasa ana watoto wake. Nilimuuliza mwaka juzi kama anaukumbuka mwiko. Akasema, "Mwiko siukumbuki sana, Mama. Nakumbuka yule msichana."

Kwa hiyo ufanye nini? Ile methali ya samaki mkunje angali mbichi naipenda, ila samaki anakunjwa, hapondwi. Kijana wako alitoroka siku tatu, na siku tatu zile ni deni. Mpeleke shuleni mwenyewe, kwa miguu kama mnaweza, aketi na mwalimu waandike alichokosa, akilipe jioni kabla ya mpira wowote. Kibanda cha video mwenyewe umwone mwenye nacho. Kuingiza mtoto saa za shule ni kosa lake, na kwake ukali wako una mahali. Umuulize kijana kilichomtoa shule. Nimekutana na watoro wengi kazini, na ni wachache waliokuwa wanakimbilia mpira. Wengi walikuwa wanakimbia kitu: mwalimu, karo, au mkubwa anayewanyang'anya chakula. Ulipompiga hukuuliza, na mtoto aliyepigwa hasemi.

Na kabla ya yote hayo mwambie umekosea kumpiga na mpira wa maji. Sema wewe, kwa mdomo wako, usimtume mama yake. Usiongeze "lakini". Akikaa kimya, kaa naye. Mchungaji mwambie pia, faragha, kwa heshima ya kazi yake. Akitaka kunijibu, ukurasa huu upo.

*Shangazi shikamoo. Mie niko Tanga. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu, bado anakojoa kitandani. Kila asubuhi baba yake anamchapa kwa ufito wa mpera na kumtembeza na godoro mbele ya wapangaji. Nikisema, anajibu kuwa Kenya ndiko walikokataza, Tanzania sheria inamruhusu na Biblia inamruhusu, na kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Niambie kweli, sheria yetu inasemaje? — Mama Mdogo, Tanga*

Marahaba mwanangu. Mumeo amesikia nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomhusu yeye.

Ni kweli Tanzania haijapiga marufuku kumchapa mtoto nyumbani. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 13, inakataza adhabu za kikatili na za kumdhalilisha mtoto. Tena inasema kumrudi mtoto hakukubaliki kukizidi umri wake, mwili wake na akili yake, na hakukubaliki kabisa ikiwa mtoto, kwa uchanga wake au sababu nyingine, hawezi kuelewa anarudiwa kwa nini. Sasa mtoto wa miaka mitatu na nusu amelala usingizi. Mkojo unamtoka hajui. Asubuhi anachapwa kwa jambo lililotokea akiwa hayupo, kwa namna ya kusema. Ataelewa nini? Na kumtembeza na godoro mbele ya wapangaji, kama huko si kudhalilisha basi neno hilo tulifute kwenye kamusi. Kwa hiyo hata huko kwenu, anakofikiri amepata kivuli, sheria imemwacha juani.

Mwambie na hili, labda litamgusa kwa kuwa ni mwanamume wa utaratibu. Shuleni Tanzania, mwalimu mkuu, au aliyeruhusiwa naye, haruhusiwi kuzidisha viboko vinne, na lazima viandikwe kitabuni. Baba wa nyumbani hana kitabu wala hesabu. Yaani mtoto mchanga wa nyumbani ana ulinzi mdogo kuliko kijana wa darasa la saba. Utafiti wa taifa uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta karibu robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walipigwa au kuumizwa mwili kabla ya miaka kumi na minane. Nchi ambayo fimbo ingefundisha adabu, ingekuwa imekwisha kuwa ya malaika.

Kukojoa kitandani kwa umri huo ni kawaida, si ugonjwa wala jeuri. Chakula cha jioni kiende mapema kidogo, maji na chai vipungue kabla ya kulala, akojoe anapopanda kitandani, na wewe ukienda kulala umwamshe tena. Tandika nailoni chini ya shuka, godoro litapona. Akiamka mkavu, msifu mbele ya wapangaji haohao. Akifika miaka saba bado, au akiwa alishaacha kisha akaanza tena ghafla, mpeleke kwa daktari, na siku hiyo mchunguze pia anayelala naye chumba kimoja.

Hilo la mwisho lisome mara mbili.

*Shangazi, nina miaka kumi na minne. Baba ni mchungaji. Akinichapa anafunga mlango, halafu tunapiga magoti ananiombea, na mimi lazima niseme amina kwa sauti. Juzi alinichapa kwa waya wa chaja. Mama anajua. Watu wote kanisani wanampenda. Nikisema nitakuwa nimemwaibisha Mungu?*

Mwanangu, barua yako sijaichapa yote. Nimeondoa mji, jina la kanisa, na lile jambo uliloandika nyuma ya karatasi. Hilo la nyuma ndilo lililonifanya nikujibu kwanza, kabla ya hawa wawili waliotangulia hapa juu.

Hapana, hutamwaibisha Mungu. Amina uliyolazimishwa haikuwa yako, na Mungu anajua sauti yako.

Piga 116. Ni bure kwa laini yoyote, saa yoyote, Kenya na Tanzania pia. Huhitaji salio. Atapokea mtu mzima aliyezoea kusikiliza. Huna haja ya kusema vizuri wala kwa mpangilio, unaweza kuanza na waya. Kama simu ya nyumbani inachunguzwa, muombe mwalimu mmoja unayemwamini, yule uliyemtaja anayefundisha sayansi, akupigie kutoka ofisini. Mwalimu ukiisoma hii na ukajijua, usimpigie baba yake kwanza. Mpigie afisa wa watoto.

Alama ulizo nazo usizifiche kwa sweta. Mwonyeshe mwalimu huyo, na mwambie tarehe. Kama ulivyoniandikia mimi, iandike tarehe mahali nyuma ya daftari la hesabu, namba tu, hakuna atakayejua ni nini.

Juu ya mama yako, najua unamkasirikia. Tutamzungumza barua nyingine, ukitaka. Kwa sasa mwache.

Na anwani uliyoniuliza mwishoni, ndiyo, ni ileile ya gazeti. Ukiandika tena weka alama uliyoweka safari hii pembeni ya bahasha, ile nyota yenye ncha sita. Wamesema pale ofisini ikija watanipigia kabla ya kuifungua.